Miradi ya bayogesi ipimwe kwa moshi uliopungua jikoni

Bibi mmoja kutoka Kyerwa alikuja kliniki akipumua kwa shida. Anakohoa miaka mingi, kifua kinambana akipanda kilima kidogo tu, na katika maisha yake hajawahi kuvuta sigara. Nilipomuuliza anapikia nini, alijibu, "Kuni, daktari. Gesi tulikuwa nayo, ikafa."

Nyumbani kwake kuna mtambo wa bayogesi, ile gesi inayotokana na samadi na mabaki ya shamba, uliojengwa kwa msaada wa wafadhili. Ulifanya kazi miaka miwili hivi. Kisha bomba likapasuka, fundi hakupatikana, na mradi ulikuwa umekwisha muda wake. Bibi akarudi kwenye mafiga matatu. Huenda katika ripoti ya mradi huo mtambo wake bado unahesabiwa kuwa unafanya kazi.

Leo naandika juu ya pengo hilo, kati ya mtambo uliojengwa na moshi uliobaki jikoni.

Si kwamba ushirikiano na mataifa mengine hauna faida. Karagwe yenyewe ni mfano mzuri. Shirika la MAVUNO la hapa hapa wilayani lilishirikiana na wahandisi wa kujitolea kutoka Ujerumani na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin kubuni mtambo unaotumia migomba iliyokatwa. Waliangalia hali halisi: kaya nyingi hazina ng'ombe wa kutosha, lakini kila kibanja kina migomba. Mradi wa CHEMA nao ulishughulikia majiko yanayotumia kuni kidogo au maranda ya mbao. Watafiti walikwenda mbali zaidi wakapima jinsi mabaki ya mtambo na ya majiko hayo yanavyoweza kurutubisha udongo wetu. Huo ni ushirikiano unaoanza na maisha ya mwenyeji.

Kitaifa, CAMARTEC ya Arusha imekuwa ikiendeleza mitambo ya bayogesi tangu miaka ya 1980, kwanza pamoja na Wajerumani, baadaye kwa fedha za Uholanzi. Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Siku chache baadaye, katika mkutano wa Paris ambao Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mmoja wa wenyeviti wake, zilitolewa ahadi za dola bilioni 2.2 kwa ajili ya kazi hiyo.

Kwetu madaktari habari hizo ni njema. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2, wakiwamo zaidi ya watoto 237,000 walio chini ya miaka mitano. Moshi huo unahusishwa na kichomi kwa watoto, na kwa watu wazima unahusishwa na ugonjwa sugu wa mapafu, kiharusi, magonjwa ya moyo na mtoto wa jicho.

Lakini mzazi anastahili kuambiwa ukweli wote. Ng'ambo ya Mto Kagera, katika wilaya ya Kayonza nchini Rwanda, na pia India, Guatemala na Peru, watafiti waliwapa wajawazito majiko ya gesi ya mitungi na gesi ya bure kwa miezi 18. Kwa jumla walishiriki wanawake 3,200. Moshi waliovuta ulipungua sana. Hata hivyo, matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 yalionyesha kuwa kichomi kikali kwa watoto wao hakikupungua kwa kiasi cha kuleta tofauti ya wazi. Miaka minane kabla, utafiti wa Malawi uliotumia majiko bora ya kuni ulipata jibu linalofanana na hilo.

Sisomi matokeo hayo kama ruhusa ya kuendelea kuvuta moshi. Ninachojifunza ni kwamba jiko peke yake haliwezi kubeba mzigo wote. Kichomi husababishwa pia na vijidudu, lishe duni na chanjo zilizokosekana. Na kama jiko safi halitoshi peke yake, basi jiko safi linalotumika nusu nusu, au lililokufa, litatusaidia nini?

Kwa nini watu hurudi kwenye kuni? Si ukaidi. Ndizi na maharage, chakula chetu cha kila siku, huchukua saa nyingi motoni, na gesi ya mtambo mdogo huisha kabla maharage hayajaiva. Mtambo unataka kulishwa kila siku na unataka maji, ambayo mama anayabeba kichwani kutoka bondeni. Bomba au vali ikiharibika, kipuri kinatafutwa mjini.

Kwa hiyo naziomba Serikali, halmashauri zetu mbili na wafadhili mambo matatu. Fedha za matengenezo ziandikwe kwenye mkataba tangu siku ya kwanza. Wafunzwe mafundi wanaoishi kwenye kata zetu, wanawake wakiwamo, na vipuri viuzwe Kayanga, Omurushaka na Nkwenda. Na hesabu isiishie kwenye mitambo iliyojengwa. Mwaka wa tano warudi, wahesabu jikoni ambamo mafiga yamepoa.

Wewe mzazi usisubiri mkutano mwingine. Loweka maharage usiku kucha na funika sufuria, utapunguza kuni na muda. Tumia kuni kavu. Fungua matundu ya kutolea moshi, na usipike ukiwa na mtoto mgongoni. Usilale na jiko la mkaa ndani hata baridi ikizidi. Hewa yake haina harufu na inaua. Kama una mtambo, vaa buti unaposhika tope linalotoka, nawa kwa sabuni, na usilimwagie mboga zinazoliwa mbichi, kwani si vijidudu vyote vinavyokufa mle ndani.

Hakikisha mtoto anapata chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ambazo ni pamoja na kinga dhidi ya vijidudu vikuu vya kichomi. Akikohoa, mtazame kifua akiwa ametulia na uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa aliye chini ya mwaka, au 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni dalili ya hatari. Akivuta mbavu kwa ndani au akishindwa kunyonya, usingoje asubuhi. Mpeleke kituo cha afya.

Yule bibi sasa anatumia dawa ya kuvuta kwa pumzi. Inamsaidia kidogo, lakini kila jioni anarudi kuinama kwenye moshi ule ule. Dawa yake iliyobaki ni bomba jipya na fundi wa kulifunga, na hiyo mimi siwezi kumwandikia.