Maziwa Yabaki Nyumbani: Wito kwa Wananchi wa Chewele

Wananchi wa Chewele, katika Kaunti ya Tana River, wanaitwa kuichukua lishe ya watoto wadogo kuwa shughuli ya umma, kwa kuwa utapiamlo, yaani hali ya mwili kukosa virutubisho vya kuukuza na kuukinga na maradhi, hauondolewi na malori ya msaada yanayofika mifugo ikiwa imekwisha kufa. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba udumavu, ambao ni ufupi wa mtoto usiolingana na umri wake, umeshuka nchini Kenya hadi asilimia 18 kutoka asilimia 26 mwaka 2014. Hata hivyo wastani wa taifa huficha mengi, na mwaka huohuo wa 2022 wafugaji wa Pembe ya Afrika walikuwa katika ukame uliokausha misimu mitano mfululizo ya mvua, kisha mafuriko ya 2023 na 2024 yakayasomba mashamba ya kandokando ya Mto Tana.

Chewele haikosi maji wala ardhi. Mto mrefu kuliko yote nchini unapita hapo, na mradi wa unyunyizaji wa Bura, ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya pamba (zao lisilolika), uko katika eneo hilohilo. Tatizo ni kwamba kiangazi kinapokaza, ng'ombe hupelekwa mbali, hata hadi malisho ya delta upande wa Garsen, na maziwa huondoka nao, huku kina mama na watoto wakibaki kijijini na ugali na chai ya rangi.

Kwa hiyo wafugaji wanaombwa kuacha nyumbani mbuzi wachache wa maziwa, na wakulima wawauzie mabua ya mahindi na majani ya kunde kwa bei ya kuelewana, badala ya kuyachoma shambani. Mapatano hayo hayatadumu ikiwa malka, yaani njia za kupitishia mifugo hadi mtoni, zitaendelea kufungwa kwa mashamba au kusongwa na mathenge, mti wa miiba ulioenea hadi kwenye mifereji. Wazee wa pande zote mbili ndio wenye uwezo wa kuzifungua bila ugomvi.

Kila kijiji pia kinapaswa kuhakikisha kwamba mhudumu wa afya ya jamii anapima kila mwezi mzingo wa mkono wa kila mtoto wa miezi 6 hadi 59, kwani kipimo kilicho chini ya sentimita 11.5 ni dalili ya utapiamlo mkali, na mtoto huyo hupelekwa zahanati siku hiyohiyo. Fedha za unga wa lishe na usafiri wa wahudumu ziko mikononi mwa kaunti, ambayo sheria ya fedha za umma ya 2012 inaitaka iwasilishe mpango wake wa maendeleo kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Madai ya Chewele, yakiwa na idadi ya watoto waliopimwa, yafikishwe kabla ya siku hiyo, na kina mama wawe miongoni mwa watakaoyasoma barazani.