Kadiri na Ndivyo: Kalkulasi Niliyoielewa kwa Kiswahili

Ndugu wapenzi wa lugha, sisi tumezoea kusutana kwa vina na mizani. Leo niruhusuni niwatoe kidogo katika ushairi niwapeleke darasani, mwaka 1982, katika chuo cha ualimu nilikosomea hisabati. Nina hoja moja, nayo yawahusu washairi kuliko inavyodhaniwa.

Muhula wa tatu tulifikia kalkulasi ya vigeu viwili. Mihula miwili ya awali nilikuwa nimeimudu, maana kigeu kilikuwa kimoja: unachora mstari wake uliopinda, unatafuta mteremko wake, umemaliza. Sasa mkufunzi aliandika ubaoni z = x² + 3xy, kisha akachora alama ∂, mfano wa tarakimu 6 iliyogeuzwa, akasoma kanuni kwa Kiingereza, nasi tukanakili. Kukokotoa nilijua: ukishughulikia x peke yake, jibu ni 2x + 3y. Jaribio nilishinda. Lakini lau mtu angeniuliza jibu hilo lasema nini, ningeinamisha kichwa.

Aliyenifumbua macho ni mwanachuo mwenzangu, mzaliwa wa Uluguru. Jioni moja, tukiwa nje ya bweni, alinionyesha mlima. “Ndugu,” alisema, “chukulia umesimama pale shambani. Kadiri unavyokwenda mashariki, ndivyo ardhi inavyopanda, na kaskazini hujaenda hata hatua moja. Huo ni mteremko wa kwanza. Rudi pale pale, uende kaskazini bila kusogea mashariki. Huo ni wa pili.”

Nikamuuliza: na nikitaka njia yenye mwinuko mkali kuliko zote? Akacheka. “Tazama matuta ya kontua. Ukilifuata tuta hupandi wala hushuki. Likate kwa pembe mraba, hapo ndipo penye ukali. Maji yaijua njia hiyo, ila yenyewe huishuka.”

Usiku ule nililirudia daftari langu nikalisoma upya: kadiri x inavyoongezeka, hali y imetulia, ndivyo z inavyobadilika, na kasi yake ni 2x + 3y. Kilichoandikwa ubaoni kilikuwa hicho hicho.

Zingatieni kwamba mwenzangu hakutumia istilahi mpya hata moja. Alitumia “kadiri”, “ndivyo” na “bila”.

Kila mjadala wa lugha ya kufundishia unapozuka, swali la kwanza huwa: je, istilahi zipo? Nasi hukimbilia kuzihesabu. Kazi hiyo naiheshimu. BAKITA iliundwa mwaka 1967, na mwaka 1990 TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Hata hivyo, naona swali hilo lafaa kuwa la pili. Istilahi huazimika, Waingereza wenyewe neno aljebra walilipata kwa Waarabu. Sentensi ya kuelewea haiazimiki. Hisabati hukaa katika “kadiri”, “iwapo”, “ila tu” na “hali”, na maneno hayo mtoto wetu huja nayo shuleni kutoka nyumbani.

Wapo watakaosema kwamba mitihani na ajira vyataka Kiingereza. Sikatai, na Kiingereza kifundishwe vyema. Lakini hata Kiingereza kiliwahi kuonekana hakitoshi, wakati wasomi wengi wa Ulaya wakiandika kwa Kilatini. Mwaka 1557 Robert Recorde alichapisha kitabu cha aljebra kwa Kiingereza, na humo ndimo alama ya = ilimoonekana chapani kwa mara ya kwanza. Hakungoja lugha yake ikamilike. Sisi, mwaka ule ule niliokuwa chuoni, Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985. Mwaka huo ulifika, ukapita.

Nami sina mikono safi. Nilipokuwa mwalimu, kijana mmoja wa kidato cha tatu alinyosha mkono akaanza, “Mwalimu, sasa hapa kwa nini…” Nikamkatiza: “Uliza kwa Kiingereza au ukae.” Akakaa. Mwaka ule wote hakuuliza tena. Mimi niliyeokolewa na Kiswahili chini ya mlima nilimnyima mwenzangu kile kile nilichopewa, na swali lake silijui hadi leo.

Ndiyo maana nawageukia ninyi. Mshairi anayetunga tarbia hushikilia kina kisibadilike huku akibadili neno, na mizani zikibaki kumi na sita. Kushikilia kimoja ukasogeza kingine ndiyo kazi niliyoshindwa kuielewa kwa wiki nzima chuoni. Nani basi afaaye kuieleza kama si yeye? Chukueni dhana moja tu ya hisabati, muiandike kwa nathari safi ambayo mtoto wa kidato cha tatu ataisoma bila mkalimani. Msingoje kamusi. Mkikosa neno, semeni kwa sentensi, nao wa BAKITA watalitafuta neno baadaye.

Naomba kuwasilisha.