Mkaguzi wa ghala aonekane ghalani

Mkulima wa Ihanja, wilayani Ikungi mkoani Singida, akishapeleka dengu au alizeti kwenye ghala la chama cha msingi, hurudi nyumbani na karatasi. Magunia hubaki huko. Fedha atazipata baada ya mauzo, na hadi siku hiyo anategemea neno la mtunza ghala na neno la mkaguzi aliyeandika kwamba mzigo upo.

Je, mkaguzi huyo aliingia ghalani, au alisomewa vitabu akiwa ofisini mjini? Ni wanachama wachache wanaouliza hivyo kwenye mkutano mkuu, kwa kuogopa kuonekana wakorofi.

Si ukorofi. Mwaka 1938 huko Marekani iligundulika kwamba kampuni ya dawa ya McKesson & Robbins ilikuwa imeandika vitabuni mali ya mamilioni ya dola ambayo haikuwapo kabisa. Wakaguzi wake walikuwa na sifa kubwa, wakapitia hati na hati zikakubaliana. Kwenye maghala hawakwenda, kwani desturi ya wakati ule haikuwalazimisha. Mwaka uliofuata wahasibu wa nchi hiyo wakaweka utaratibu wa mkaguzi kushuhudia mali ikihesabiwa.

Tanzania nayo haina upungufu wa sheria. Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika (COASCO) liliundwa kwa sheria ya mwaka 1982, na Sheria ya Stakabadhi za Ghala ni ya mwaka 2005. Kijijini anayehitajika ni mwanachama wa kusema, "Siku ile nilimwona."

Sahihi kwenye daftari la wageni haitoshi. Hata chini ya mti, soda mkononi, mtu husaini. Picha ya simu yenye tarehe na mahali husaidia, ingawa simu nayo yaweza kupakiwa kwenye bodaboda ikafika ghalani peke yake. Yapo maswali magumu zaidi kudanganya. Siku hiyo ghala lilifunguliwa saa ngapi, na ufunguo alikuwa nao nani? Mizani ilijaribiwa kwa jiwe lenye uzito unaojulikana? Magunia gani yalishushwa yakapimwa upya, mbele ya wanachama gani wasio wa bodi? Aliyefika kweli atataja bati linalovuja na magunia ya pembeni yaliyoingia ukungu. Taarifa isiyo na kasoro hata moja, kwa ghala ambalo kijiji kizima kinajua linavuja, iulizwe mara mbili.

Watasema nauli na posho ni mzigo kwa chama kidogo. Ni kweli. Lakini kinacholipiwa hapo ni safari, na chama kina haki ya kujua kama ilifanyika. Basi kwenye mkutano mkuu, kabla taarifa ya ukaguzi haijasomwa, mtunza ghala asome daftari la ufunguo la siku ile, na wanachama wawili walioshuhudia wasimame waseme walichokiona.