Vijiti vya kiberiti darasani

Kijana akiacha kazi ya teknolojia akaenda kufundisha, nyumbani huwa kama msiba: "Tulikusomesha kwa ajili hii?"

Nchini India, Arvind Gupta alihitimu uhandisi IIT Kanpur mwaka 1975, akaajiriwa katika kiwanda cha malori cha Tata. Akaiacha kazi hiyo, akawafundisha watoto sayansi kwa vitu vya kuokota. Vijiti vya kiberiti huunganishwa kwa vipande vya mpira wa valvu ya baiskeli. Mtoto akibonyeza mraba, unalala. Akibonyeza pembetatu, haiyumbi. Hapo ameelewa kwa nini fundi hutia pembetatu kwenye paa. Mwaka 2018 India ilimtunuku nishani ya Padma Shri.

Tomaso naye hakutosheka na maneno. Bwana hakumfukuza, alimwalika aguse (Yn 20:27). Watoto wetu wangapi wanakariri kanuni wasizowahi kuzigusa?

Mshahara utapungua, ni kweli. Basi wanaparokia tumshike mkono mwalimu huyo. Nawe mzazi, usimkalie matanga mwanao aliye hai. Elimu uliyomlipia haikupotea. Imepata warithi wengi.