Sheria inayolinda mlango na kuiacha nyumba

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ndiyo inayoamua, mpaka leo, ni jengo gani la Tanzania Bara lina hadhi ya kumbukumbu ya taifa. Imechora mstari kwenye mwaka 1863: jengo lililosimama kabla ya hapo linalindwa bila mtu kuomba, na lililojengwa baadaye linasubiri Waziri alitangaze. Kwa magofu ya Kilwa Kisiwani na Kaole mstari huo unatosha. Kwa Dar es Salaam ni msiba, maana Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kuujenga mji huu, kando ya kijiji cha Mzizima, katikati ya miaka ya 1860. Boma la Kale, mojawapo ya majengo makongwe kabisa yaliyosalia pale Sokoine Drive, ni la mwaka 1867 hivi. Karibu mji wote umezaliwa upande usiolindwa. Na sheria hiyohiyo inailinda milango na fremu za mbao zilizonakshiwa kabla ya mwaka 1940. Matokeo yake, nyumba ya mfanyabiashara iliyojengwa miaka ya 1920 inaweza kubomolewa hadi msingi, na kitu pekee ambacho sheria inakidai chenyewe, bila tangazo la Waziri, ni mlango wake.

Naanza na sheria kwa sababu mabishano kuhusu katikati ya Dar es Salaam yamezoeleka kuendeshwa kama ugomvi wa tabia: huku wapenda maendeleo, kule wapenda mambo ya kale. Ugomvi wa namna hiyo haumaliziki, na wakati unaendelea tingatinga linafanya kazi. Ninachodai ni chepesi kukieleza: jiji limepoteza majengo yake kwa kuwa hatima ya kila moja huamuliwa peke yake, kiwanja kwa kiwanja, na mwenye kufaidika na ubomoaji ndiye anayeleta maombi. Hakuna kikao kimoja kilichowahi kuketi na kuamua kwamba Barabara ya Samora ipoteze sura yake. Jengo la Salamander liliondoka, na mahali pake umesimama mnara uliobeba jina lake. Uhindini, kuanzia Mtaa wa Mosque hadi Kisutu, nyumba za ghorofa mbili tatu zenye duka chini na makazi juu zimeondoka moja baada ya nyingine kwa mtindo huo. Kila uamuzi, ukiutazama wenyewe, ulikuwa na sababu. Jumla yake hakuna aliyeichagua.

Sababu zenyewe zinaeleweka na hazihitaji kumtafuta mtu mbaya. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha, na sehemu kubwa ya majengo ya katikati ya jiji iliishia mikononi mwa umma, leo chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa miaka mingi kodi ya pango ilikuwa ndogo kuliko gharama ya ukarabati, mabomba yakaoza, mabati yakavuja, na hakuna aliyekuwa na fedha wala sababu ya kurekebisha. Soko la ardhi lilipofunguka, kiwanja kikawa na thamani mara nyingi zaidi ya nyumba iliyokikalia. Shirika linalotakiwa kujiendesha kwa faida, likipewa nyumba iliyochakaa juu ya ardhi ya dhahabu na mwekezaji mwenye mtaji, litaingia ubia na kujenga mnara. Ukimweka mhifadhi mashuhuri kwenye kiti hicho, akiwa na sheria hizihizi na vitabu vya hesabu hivihivi, naye atatia saini.

Hoja kuu ya wanaotaka kujenga upya ni msongamano, nayo inastahili jibu la heshima. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 Dar es Salaam. Jiji haliwezi kuwapa ofisi na makazi kwa ghorofa mbili. Ni kweli. Lakini eneo lenye majengo ya kihistoria, kuanzia Hospitali ya Ocean Road hadi Gerezani, mtu wa kawaida hulimaliza kwa miguu chini ya saa moja, wakati mkoa wote una kilomita za mraba karibu 1,400. Nafasi ya kupanda juu ipo kando ya njia za mabasi ya mwendokasi, ambayo tangu 2016 yamewezesha mtu kufanya kazi mbali na Posta bila kupoteza siku nzima barabarani. Kurundika minara yote kwenye kipande kimoja kidogo, chenye mitaa iliyopimwa kwa ajili ya mikokoteni na riksho, kunaleta msongamano ambao minara hiyo ilidaiwa kuutatua: magari hayana pa kuegesha, mabomba ya majitaka yanazidiwa, na mvua za masika zikishuka maji hayana pa kwenda. Na kuna hasara isiyoingia kwenye mchanganuo wowote wa mradi. Nyumba ya zamani ya Uhindini ilikuwa na maduka madogo manne au matano usawa wa barabara, na juu yake watu walioishi, wakapika, wakashuka jioni barazani. Mnara una lango moja, mlinzi na maegesho. Fundi saa, fundi cherehani na muuza kahawa hawana pa kukaa. Jioni mtaa unabaki mtupu, na mtaa mtupu hauna wa kuulinda.

Tuongeze hali ya hewa, ambayo wasanifu wetu wa leo wameikabidhi kwa kiyoyozi. Kuta nene za matumbawe na chokaa, dari za juu zinazobebwa na boriti za mikoko, veranda pana, madirisha yenye vibao vinavyopitisha upepo wa bahari: haya yalibuniwa kwa joto la pwani na watu waliolijua. Mnara wa vioo usawa wa digrii saba kusini mwa ikweta hukusanya jua mchana kutwa, kisha hununua umeme kulifukuza. Nchi iliyowahi kuhesabu kila megawati ingefaa kuyasoma majengo haya kabla ya kuyafuta.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwa hisia. Kwa nini tutoe fedha zetu kuhifadhi nyumba za waliotutawala? Wajerumani waliufanya mji huu makao makuu yao mwaka 1891, na amri zilizoumiza watu wa nchi hii zilitoka humu. Sitaki kulipuuza swali hilo, kwa sababu wapo wahifadhi wanaoziongelea nyumba hizi kana kwamba zilijengwa na upepo. Lakini angalia waasisi wa taifa walivyolijibu kwa vitendo. Serikali ya uhuru iliingia Ikulu, palipokuwa makazi ya magavana, ikaigeuza kuwa yake. Hospitali ya Ocean Road, ya mwaka 1897, ilijengwa kwa ajili ya Wazungu. Leo ni taasisi ya saratani inayopokea wagonjwa wa nchi nzima. Ukumbi wa Karimjee, zawadi ya familia ya wafanyabiashara, ndimo ulimofanyika mkutano wa katiba wa Machi 1961 uliofungua njia ya uhuru, na ndimo Bunge lilimokaa kwa miongo kadhaa. Kulitwaa jengo la mtawala na kulitumikisha kwa ajili ya raia ni kitendo cha kujitawala zaidi kuliko kukiuza kiwanja chake. Tena si kweli kwamba urithi wote huu ni wa Wazungu: Boma la Kale ni la Sultani, nyumba za Uhindini ni za wafanyabiashara na mafundi wa pwani, na Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975 ni kazi ya Beda Amuli, msanifu Mtanzania. Ukiyafuta yote kwa jina la kuufuta ukoloni, unaifuta pia sehemu yetu.

Wengine wanasema majengo ya zamani ni hatari. Mengine ni hatari, kweli, na anayeficha hilo anaidhuru hoja ya uhifadhi. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, ya mwaka 1883, ilikuwa ndani ya Mji Mkongwe wenye mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985 na hadhi ya urithi wa dunia tangu 2000, na bado sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 ikaua watu. Kuorodhesha jengo bila kulitengea fedha za matengenezo kila mwaka ni kulisindikiza kaburini polepole. Ila usalama hauwezi kuwa hoja ya upande mmoja. Machi 2013, katika Barabara ya Indira Gandhi, jengo jipya la ghorofa zaidi ya kumi lilianguka likiwa bado linajengwa, likaua watu zaidi ya 30. Novemba 2024 ghorofa lilianguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Kinachoua ni ukaguzi mbovu, na ukaguzi mbovu haujali umri wa tofali.

Linabaki swali la fedha, na hapa ndipo wahifadhi wengi wananyamaza. Ukimwambia mmiliki kwamba nyumba yake ni ya ghorofa mbili milele wakati jirani amepanda ishirini, umemtoza kodi ambayo wengine hawalipi. Ataiacha ivuje hadi ianguke yenyewe, na huwezi kumlaumu sana. New York ilikutana na tatizo hili baada ya kituo cha reli cha Pennsylvania kuanza kubomolewa mwaka 1963. Jiji lilitunga sheria ya majengo ya kihistoria mwaka 1965, na baadaye likamruhusu mmiliki wa jengo linalolindwa kuuza haki ya kwenda juu asiyoitumia kwa mwenye kiwanja kingine. Wamiliki wa kituo cha Grand Central walipinga hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1978 wakashindwa, kituo kipo. Mumbai, jiji lenye joto, umaskini na kiu ya ardhi kama sisi, liliweka kanuni zake za urithi mwaka 1995 na utaratibu unaofanana na huo. Kwa Dar es Salaam utaratibu huu unafaa zaidi kuliko kote huko, kwa sababu wamiliki wengi wa katikati ya jiji ni mashirika ya umma ambayo pia yana viwanja kwingineko. Shirika likiibakisha nyumba ya Mtaa wa Mosque, lipewe ghorofa za ziada kwenye mradi wake wa pembeni ya mwendokasi. Hazina haitoi shilingi.

Wakati wa kuamua ni sasa kwa sababu moja mahususi. Wizara zimekwenda Dodoma. Uamuzi wa 1973 wa kuhamia huko ulitekelezwa kwa kishindo kuanzia 2016, na ukingo wa Kivukoni, pamoja na majengo ya enzi ya Wajerumani yaliyokuwa ofisi za Serikali, umepoteza mpangaji wake mkuu. Jengo lisilo na mtu huharibika haraka pwani, na jengo lililoharibika hupata mnunuzi upesi. Tunayo mifano ya kufuata hapahapa: Boma la Kale, lililoponea chupuchupu kubomolewa miaka ya 1970, tangu 2017 ni kituo cha urithi wa usanifu majengo, na Soko la Kariakoo, baada ya moto wa Julai 2021, lilikarabatiwa na jengo jipya likajengwa ubavuni mwake. Vyuo, mahakama, maktaba na ofisi za kupangisha vinaweza kuingia Kivukoni bila kuangusha ukuta mmoja. Bunge lingeanza kwa kuusogeza mstari wa 1863 hadi mwisho wa 1975, ili Kariakoo ya Amuli nayo ihesabiwe, Halmashauri ya Jiji ichapishe orodha ya majengo yenye umri huo kwenye magazeti, na kibali chochote cha kubomoa jengo lililo kwenye orodha kisitolewe bila kikao cha hadhara. Mikataba ya viwanja vya Kivukoni isubiri hadi orodha hiyo itoke.