VITAMINI SI CHAKULA! WAFUGAJI WA NGURUWE TUACHE KUJIDANGANYA

Ndugu wanachama, ndugu wanakijiji,

Leo nasema na wafugaji wa nguruwe, na mimi mwenyewe nimo. Ubao huu ni wetu sote, basi tusifichane.

Siku hizi ukiingia banda la mtu hapa Lionja unakuta nguruwe wa miezi 5 mbavu zinahesabika, lakini ukutani umening'inia mfuko wa vitamini. Ukiuliza, "Anakula nini?" unajibiwa, "Makopa na pumba, ila nampa na vitamini." Hii ni nini kama si kujidanganya? Mtoto wako utamnyima ugali na kunde, umlambishe chumvi, halafu useme umemlisha?

Msimu uliopita wa ufuta nilinunua mifuko miwili kwa mchuuzi wa baiskeli. Haikuwa na maandishi hata herufi moja. Mimi niliyejua kusoma ukubwani, darasa la jioni, nikanunua kitu kisichosomeka! Nguruwe hawakunenepa, na hela ya ufuta ikaenda. Kosa langu, nalikiri.

Sasa tuelewane. Nguruwe anayekua anajengwa na protini. Makopa yanampa nguvu, lakini protini yake ni kidogo mno. Pumba peke yake nazo hazitoshi. Hesabu ya kilo 100 za chakula ni hii:

– Pumba za mahindi kilo 68
– Mashudu ya alizeti au ufuta kilo 22
– Dagaa waliosagwa kilo 8
– Mifupa iliyochomwa na kusagwa kilo 1 na robo
– Chumvi nusu kilo
– Vitamini na madini ya dukani robo kilo, au kama pakiti inavyoelekeza

Jumlisheni wenyewe. Vitamini ni robo kilo tu! Sisi tunanunua hiyo robo, zile kilo 30 za mashudu na dagaa tunaziacha.

Sisemi vitamini ni mbaya. Nguruwe wa bandani anazihitaji. Lakini nyingine tunazo hapa hapa: matembele na mchicha vinampa vitamini A, jua linampa D, dagaa wanampa B12. Ukinunua, nenda duka la dawa za mifugo, chukua pakiti iliyofungwa, soma kipimo na tarehe ya mwisho. Jua na joto huharibu vitamini, na ile ya baiskeli inashinda juani kutwa.

Wapo wanaosema, "Nikimwachia atajitafutia." Hapana! Atakula muhogo wa jirani, na jirani mwingine dini yake haimruhusu mnyama huyo. Atakula kinyesi cha watu aambukizwe tegu. Tena ataleta homa ya nguruwe, ambayo haina tiba. Nguruwe akae bandani, na kumlisha ni kazi ya mwenyewe.

Hapa Nachingwea tunajua matokeo ya kuanza kinyume. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, ulileta matrekta kabla ya kuujua udongo na mvua. Mwaka 1951 ukavunjwa. Nasi tusianze na unga wa dukani kabla ya chakula.

Napendekeza wafugaji tuchange, tununue mashudu na dagaa kwa magunia kupitia ushirika wetu. Anayekubali aandike jina lake chini ya karatasi hii. Asiyejua kuandika aje darasani jioni, tutaanza na jina lake.

Ni mimi ndugu yenu,
Katibu wa Tawi, Lionja