Chemshabongo Bila Mji

Ikikaribia tarehe 7 Julai simu yangu hugeuka chumba cha mtihani. Tangu UNESCO ilipoitangaza siku hiyo, mwaka 2021, kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, makundi ya WhatsApp niliyomo hayalali. Mtoto wa simba anaitwaje? Kundi la nyota je? Password kwa Kiswahili ni nini? Una sekunde kumi. Aliyepata anapigiwa makofi, aliyekosa anatumiwa vikatuni vinavyocheka mpaka machozi, na hakosekani mtu wa kuandika, "Na wewe unajiita Mswahili?"

Michezo hii inaitwa burudani, tena burudani inayofundisha. Mimi naona inafundisha jambo moja tu: kuogopa kufungua mdomo.

Jibu linalotakiwa kwenye swali la nyota ni thurea. Mwanafunzi wa Kenya aliyekaririshwa enzi za KCPE atakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Sasa muulize amewahi kulitumia wapi. Neno lenyewe limetoka kwenye thurayya ya Kiarabu, ambalo ni jina la kishada fulani cha nyota angani. Kishada hichohicho Waswahili walikipa jina lao, kilimia, kutokana na kulima, kwa sababu mkulima alikitazama ili ajue majira. Hata methali ipo: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Katika neno hilo moja mna jembe, kalenda na anga. Sijawahi kuliona kwenye chemshabongo hata moja. Labda kwa sababu kulieleza kunahitaji mtu atoke nje usiku ainue kichwa, na sekunde kumi hazitoshi.

Jamani, sisi tulikuwa na mchezo wetu. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Yai. Mtoto wa miaka mitano anaweza kulihakiki jibu hilo peke yake: anachukua yai, analigeuza huku na huku, anautafuta mlango. Ushahidi uko mkononi mwake. Lakini kwamba mtoto wa simba ni shibli, atalihakiki vipi? Orodha imesema, basi. Mwenye orodha ndiye mwenye lugha.

Au chukua kile cha popoo mbili zavuka mto. Wengi siku hizi hukisema kwa popo, wakimfikiria mnyama anayening'inia juu ya mti. Popoo ni tunda la mpopoo, lile linalotafunwa pamoja na tambuu: dogo, la mviringo. Jibu ni macho. Simama ukingoni mwa mto wowote, utazame ng'ambo: macho yameshavuka na wewe hujalowa hata unyayo. Ukishalipata neno popoo kwa njia hiyo, hulisahau.

Najua nitaambiwa kwamba vitendawili navyo vina jibu moja, na kwamba watoto huyakariri. Ni kweli. Ila tazama anafanywa nini aliyeshindwa. Anaombwa mji. "Nipe mji," anasema mtegaji, naye anapewa Mombasa, au Tabora, au popote. Mtegaji anaupokea na kuanza safari: nilikwenda Tabora, nikapokewa vizuri, nikachinjiwa jogoo, nikala nikashiba. Mwisho wa safari analitoa jibu. Aliyeshindwa ndiye mwenye mji, na bila mji wake hadithi isingekuwapo. Hizi chemshabongo zetu zimeuchukua mtego na kuutupa mji.

Tena si utani usiomuumiza mtu. Katika kundi mojawapo dada mmoja wa Lubumbashi alikuwa ameanza kutueleza jinsi kwao wanavyopika sombe, yaani kisamvu chetu. Katikati ya maelezo akaandika batoto. Walioamkia maswali ya sarufi asubuhi hiyo wakamrukia: hicho ni Kiswahili gani? Wengi wao, kama mimi, walilelewa kwa lugha nyingine ya nyumbani na Kiswahili wakakikuta baadaye. Yeye alizaliwa ndani yake. Maelezo ya sombe yaliishia pale, na hajaandika tena.

Kinachochekesha, kama kinachekesha, ni kwamba kwa vipimo hivi hakuna atakayepona. Mwaka 1928, kwenye mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Leo Mzanzibari akiandika skuli, au akisema amenunua tungule na mbatata, kijana wa Dodoma anamwekea alama ya kosa. Muyaka bin Haji, na Kimvita chake cha ndia badala ya njia, angefeli. Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake mwaka 1858 kwa Kiamu, angefeli vibaya zaidi. Na hao ndio tunaowataja kwa fahari kila tukisherehekea lugha hii.

Sina ugomvi na usanifu. Mtihani ni mtihani, na gazeti lazima liwe na tahajia moja. Wala sina ugomvi na maneno mapya. Kishikwambi lilichekwa sana lilipoanza kusikika. Kisha ikaja sensa ya Agosti 2022, makarani wakapita nyumba kwa nyumba na vishikwambi mikononi, na baadaye vifaa hivyo vikapelekwa kwa walimu. Leo nani anacheka? Neno lilipata kazi, likakaa. Nywila bado inatafuta kazi. Ndiyo inayotakiwa kwenye lile swali la password, na ukijibu neno la siri, ambalo muuza mchicha analielewa bila kufafanuliwa, umekosa.

Wanaoendesha michezo hii wanaweza kuibadili kesho, bila bajeti wala kamati. Anayeuliza neno aweke na sentensi ambayo yeye mwenyewe angeweza kumwambia mtu sokoni. Akishindwa, swali lifutwe. Sekunde kumi ziondolewe. Badala ya "jibu sahihi ni lipi" liwepo swali la "kwenu mnaitaje?", ili skuli na shule zikae meza moja, na sombe na kisamvu vilevile. Na asiyejua aombwe mji. Mpaka sasa waendeshaji niliowapelekea mapendekezo haya wamenijibu kwamba mchezo utachukua muda mrefu mno. Utachukua, ndiyo. Vitendawili vilichukua usiku kucha.